Sikio Lisilojua "Bado"

Mzee Ambakisye hakuitikia shikamoo.

Bupe aliirudia, maana pengine mzee hakusikia. Ofisi ya Kivuko ilikuwa karibu mno na lami, na asubuhi ile misafara ya malori ilikuwa ikipita mfululizo kuelekea Tunduma, lori nyuma ya lori, bila mtu hata mmoja nyuma ya usukani. "Shikamoo baba."

"Nimekusikia," alisema Mzee Ambakisye. "Juzi niliitikia. Uliniamkia vizuri, ukaniuliza habari za mguu, ukaniuliza habari za mama watoto, kisha ukanifungia mlango. Leo unataka nikuitikie nini?"

Watu waliokaa kwenye mabenchi waligeuka wote kwa pamoja. Kumnyima mtu marahaba hadharani si jambo dogo, Mbeya wala kwingine. Bupe aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, ingawa alijua fika kwamba juzi hakumpigia simu mtu yeyote. Juzi alikuwa kwao, amejifunika blanketi mbili, anapiga chafya.

Aliyempigia mzee ni Sikio.

Malori yalipoanza kujiendesha yenyewe, madereva walirudi nyumbani kwa mkupuo, na nyuma yao wakarudi utingo, mafundi wa pancha na mama lishe wa vituoni. Serikali haikuwa na watu wa kuwashughulikia wote hao. Ikaingia mkataba na kampuni binafsi, Kivuko, iwatafutie kazi nyingine. Kivuko nayo haikuwa na watu, ila ilikuwa na Sikio: mtambo unaopiga simu, unaongea, unasikiliza, kisha unapima mtu ana hamu ya kazi kiasi gani. Mtambo ulihitaji sauti. Walijaribu za wafanyakazi wote, ya Bupe ikashinda, kwa kuwa, walisema, ni sauti ya mtu anayekusogezea kiti. Wakamfungia kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro, akasoma maneno mpaka koo likakauka, akatia saini, akarudi mezani kwake. Tangu hapo mji mzima ulikuwa umeongea naye. Pale soko la Soweto akina mama walimwongezea viazi juu ya kipimo cha sado, wakimwambia alivyowatia moyo siku fulani. Yeye alisema ahsante, maana angesema nini?

Lakini lawama alikuwa hajawahi kuletewa.

"Baba, kaa kwanza," alisema. "Yule si mimi. Ni mtambo, umewekewa sauti yangu."

"Mtambo gani unajua mguu wangu unauma?"

"Ulitueleza mwenyewe mwaka jana ulipojiandikisha. Mtambo ukashika."

"Basi una kumbukumbu kuliko watoto wangu," mzee alisema, na hasira ikalegea kidogo. Akakaa, akaunyoosha mguu wenyewe, ukazuia nusu ya njia.

Shida yake haikuwa na mizunguko. Jumatatu ijayo mafunzo yalikuwa yanaanza Uyole. Misafara ilikuwa imeanza kuangushaangusha mizigo kwenye ukungu wa mlimani, na wenye malori wakakubali, shingo upande, kwamba kila msafara ubebe mtu mmoja anayeijua njia. Si wa kuendesha, ni wa kukaa macho na kubonyeza pale mambo yanapoharibika.

"Nimeteremka mlima wa Iwambi maisha yangu yote," alisema Mzee Ambakisye. "Mvua, giza, breki zinanuka. Hiyo ndiyo kazi yangu, mwanangu, nyingine sitapata tena. Na hawapokei mtu asiyeletwa na Kivuko. Sasa nyie mmeniweka wapi? Mmeniweka Waliopumzika. Mimi nimepumzika lini?"

Hayo yalikuwa mafungu ya Sikio. La kwanza ni Walio Karibu, ambao hupigiwa kila mara na kuitwa kwenye usaili. La pili ni Walio Njiani, hupigiwa mara mojamoja. Halafu kuna Waliopumzika. Jina hilo lilitungwa na mtu mwenye huruma sana au mwenye dharau sana, Bupe hakuwahi kujua. Serikali iliilipa Kivuko kwa kila mtu aliyepata kazi akadumu nayo, kwa hiyo Kivuko haikuona sababu ya kupoteza muda kwa wasiotazamiwa kudumu. Waliopumzika hawakupigiwa tena. Hata mlango wa ofisi haukukubali alama za vidole vyao. Mzee Ambakisye aliingia leo kwa kujibanza nyuma ya mama mmoja mnene.

Bupe alivuta kiti, akayafungua mazungumzo ya juzi, wakasikiliza wote wawili. Alichukia kujisikia. Sauti ilikuwa yake kabisa, isipokuwa haikuwahi kuwa na haraka.

"Baba, umechoka kutafuta kazi?"

"Bado, mwanangu."

"Umewahi kukataa kazi uliyoitiwa?"

"Bado."

"Umeshaacha kutafuta?"

"Aa, bado! Bado kabisa!"

"Ahsante sana, baba. Pumzika vizuri."

Mzee Ambakisye alikunja mikono. "Haya. Nimekosa wapi hapo?"

Bupe naye hakupaona. Akauliza mtambo kwa mdomo, kama walivyofundishwa. "Sikio, kwa nini mteja huyu amewekwa Waliopumzika?"

Sauti yake ikamjibu kutoka mezani, kwa upole uleule. "Mteja hajachoka, lakini anatarajia kuchoka. Hajakataa kazi, lakini anakusudia kukataa. Siku ya kuacha kutafuta imekaribia. Jambo hili amelisisitiza."

Bupe alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu, na mama mmoja kwenye benchi akacheka pia bila kujua anacheka nini. Kisha kicheko kikamkatika, kwa sababu alianza kuwaza ni watu wangapi waliojibu hivyo.

Maana nani asemaye hapana? Muulize mtu wa nchi hii kama ana mtoto, atakwambia bado, hata kama kichwa kimejaa mvi. Bupe mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada huulizwa na akina mama kama ameolewa, husema bado, na hakuna aliyewahi kwenda kununua kitenge akidhani harusi ni mwezi ujao. Hapana ni neno la kufunga mlango, na mlango wenyewe si wako. Hata kwa mabaya ni vilevile. Umewahi kulazwa hospitali? Bado. Anayejigamba kwamba hilo halimpati anajitafutia balaa. Watoto hulijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Sikio lilifundishwa na watu wa mbali wenye kamusi, na kwenye kamusi bado ni jambo ambalo halijatokea na litatokea.

"Kwa hiyo ningesema hapana?" aliuliza mzee alipokwisha kuelezwa.

"Ungesema hapana, baba, sasa hivi ungekuwa Walio Karibu."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati barabarani. "Niseme hapana, mimi sitachoka? Mimi Ambakisye? Mbele ya Mungu? Mimi ni nani?"

* * *

Meneja wa tawi, Bwana Kamuzora, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bupe. Mama yake Bupe alipozidiwa, Kamuzora ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake na kukaa naye korido mpaka madaktari walipotoka. Ukiwa na neno kali la kumwambia mtu wa namna hiyo, linakukwama.

Alisikiliza yote bila kumkatiza. Bupe aliona kwamba hakushangaa.

"Ulijua," alisema Bupe.

"Nilihisi. Kuanzia mwaka jana." Alifunga mlango. "Bupe dada yangu, tuongee kama watu wazima. Ijumaa anakuja Bi. Nyamizi wa wizarani. Akiridhika, mkataba unaendelea. Nikirekebisha leo, Waliopumzika wote wanarudi foleni kwa siku moja, na kazi za kuwatosha hazipo. Tutaonekana tumeshindwa. Na unajua nani wanaungoja huu mkataba? Kampuni nyingine isiyo na ofisi, hawana hata benchi. Wana namba ya simu tu. Huyo mzee wako aliyekuja kukugombeza, kule angemgombeza nani?"

"Waliopumzika ni wangapi?"

Akamtajia. Bupe akamwomba arudie.

"Na sisi sote hapa," Kamuzora aliendelea, "tutahamia upande ule mwingine wa meza. Mimi nina watoto shuleni. Wewe una mama. Sisemi kwa kukutisha."

Hakuwa anatisha, na hakuwa anadanganya. Bupe alilitafuta pengo katika maneno yake, pa kuingiza mkono, asilione.

"Mzee wako namrudisha," alisema Kamuzora. "Sasa hivi, unaona? Jumatatu yuko Uyole. Huyo mmoja nakupa. Wengine tutawatoa polepole baada ya ukaguzi, nakuahidi."

Akabonyeza. Kazi ya kumpa mtu maisha yake ilikuwa nyepesi kuliko kuwasha taa.

Bupe alisema ahsante. Anayetaka kumcheka na amcheke, lakini aseme kwanza yeye angesema nini. Aliyekaa kwenye benchi lako ana sura na mguu unaomuuma. Wale wengine walikuwa hesabu tu iliyotamkwa mara mbili ndani ya chumba kilichofungwa.

Alipompelekea habari, Mzee Ambakisye aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu. Ahsante sana. Na ile shikamoo yako, marahaba. Marahaba mara mbili." Alikuwa karibu kulia na akajifanya anatafuta kofia. Kisha, kofia ikiwa tayari kichwani, akauliza, "Na Gwamaka naye umemtoa?"

"Gwamaka ni nani, baba?"

"Utingo wangu. Alipanda lori langu hajaota hata ndevu. Mpaka namna ya kuongea na watu wa mizani alijifunza kwangu. Anaongea kama mimi hasa, watu walidhani ni mwanangu." Mzee alisita. "Nyie mlimfungia mwaka jana. Tangu hapo hatoki ndani. Anakaa Ilomba kwa mama yake, na simu yoyote ikilia kwa jirani anatoka jasho. Nikadhani ni uvivu. Nilimwita mvivu, Bupe, mama yake akisikia. Kumbe alijibu tu kama nilivyomfundisha."

Bupe alifungua mdomo aseme watatolewa polepole baada ya ukaguzi. Maneno yakamkaa mdomoni kama ugali usioiva, asiweze kuyameza wala kuyatema.

* * *

Ijumaa ofisi ilinukia sabuni ya sakafu. Bi. Nyamizi alifika na wasaidizi wake, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mcheshi, mtu wa kuuliza watu majina yao na kuyakumbuka. Alinywa chai, akasifu maandazi, akatazama ukuta mkubwa ambako rangi za mafungu zilikuwa zikipanda na kushuka.

Bupe ndiye aliyepangwa kuonyesha Sikio linavyofanya kazi. Nani mwingine, na sauti ni yake? Kamuzora alikuwa ameandaa kijana mmoja wa ofisini aigize mtafuta kazi, akamfundisha: ukiulizwa kama umechoka, hapana, ukiulizwa kama umekataa, hapana. Kijana alikuwa amekaa kwenye kiti, anameza mate, anangoja.

Usiku wa jana yake Bupe alikuwa amejiambia mambo mengi ya busara. Kwamba benchi ni bora kuliko namba ya simu. Kwamba Kamuzora akiahidi hutimiza. Asubuhi alikuwa bado anayaamini yote. Lakini alipomtazama yule kijana anayehangaika kukariri hapana, alimwona mtu mwingine huko Ilomba, amekaa kwenye chumba chenye pazia, anaamini kwamba ni yeye Bupe aliyemwona hafai. Huyo hakuwa na muda wa kungoja hiyo polepole ya Kamuzora. Huyo alikuwa anaoza.

"Bi. Nyamizi," alisema, "ya nini tukuonyeshe kwa mtu wetu? Kwa nini usijaribu mwenyewe?"

Kamuzora aliinua kichwa.

"Mimi?" Bi. Nyamizi alicheka. "Haya, wizara wakinifukuza nijue pa kukimbilia." Kijana akampisha kiti kwa furaha kubwa. Mama akavaa miwani, kana kwamba masikio nayo yanahitaji, akaiweka simu sikioni na kuacha sauti isikike chumba kizima.

"Shikamoo mama. Habari za tangu asubuhi?"

Bi. Nyamizi akamtazama Bupe, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa. "Marahaba. Jamani, ni yeye kabisa!"

"Mama, umewahi kukataa kazi uliyoitiwa?"

"Bado."

"Umechoka kutafuta kazi?"

"Bado, mwanangu, ndiyo naanza leo." Wasaidizi walicheka.

"Umeshaacha kutafuta?"

"Bado, bado."

"Ahsante sana, mama. Pumzika vizuri."

Ukutani jina la Bi. Nyamizi liligeuka kijivu na kushuka chini kabisa, kwa Waliopumzika. Msaidizi mmoja akapiga makofi. "Mama, umestaafishwa!" Naye mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akauliza, bado anatabasamu, ni kitu gani kimefanya hivyo. Bupe akaliuliza Sikio. Sikio likaeleza, polepole na kwa adabu zote, kwamba mteja anakusudia kukataa kazi na anatarajia kuchoka.

Tabasamu la Bi. Nyamizi halikuondoka kwa mara moja. Lilikwenda kidogokidogo, kadiri alivyolirudia neno kichwani mwake, na midomo yake ikalitamka bila sauti.

"Kila mtu hujibu hivi," alisema hatimaye. "Mama yangu hujibu hivi." Aligeuka. "Bwana Kamuzora, kwenye hilo fungu mna watu wangapi?"

Kamuzora alimtazama Bupe kwanza. Hakuwa na chuki usoni, alikuwa amechoka tu. Angeweza kusema atatafuta takwimu, angeweza kusema zitaletwa wiki ijayo. Aliitaja hesabu yenyewe, yote, bila kupunguza hata mtu mmoja. Bupe hatakuja kusahau kwamba alifanya hivyo.

* * *

Mkataba haukuendelea. Kivuko ilipewa mpaka mwisho wa mwezi kufunga hesabu zake, na Sikio likafundishwa upya maana ya bado, safari hii na watu waliolelewa ndani ya neno hilo. Milango ikaanza kukubali vidole. Wizara ikaagiza kila aliyefungiwa apigiwe simu na kuombwa radhi.

Sikio likapiga, kwa sauti ileile ya Bupe. Hawakupokea.

Simu za siku hizo ziliweza kukataa sauti, si namba tu. Sauti uliyoikataa haikufikii hata ipige kutoka wapi. Waliopumzika walikuwa wamemkataa Bupe, nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa. Alijaribu kupiga mwenyewe, kwa mdomo wake, na simu zilikatika kabla hajamaliza kusema habari. Wenzake waliokuwa wakifungasha vitu vyao walimhurumia, na mmoja alimwambia aache, si kazi yake tena.

Mzee Ambakisye alipiga kutoka Tunduma, nyuma yake honi zinalia. Alikuwa amevuka Iwambi na msafara wake wa kwanza na alitaka kuusimulia mlima wote, kona kwa kona. Bupe alimwacha asimulie. Kisha akamuuliza kuhusu Gwamaka.

"Hapokei simu yangu. Nilimtukana, unakumbuka? Nenda wewe."

"Baba, unajua si mimi niliyemfungia."

"Najua, mwanangu. Lakini sauti ni yako."

Akaenda. Ilomba kulikuwa kumenyesha, na vichochoro vilikuwa tope jekundu. Aliuliza kwa mama Gwamaka, akaonyeshwa nyumba ya tofali za kuchoma yenye pazia la maua mlangoni. Alisimama mbele ya pazia. Ndani kulikuwa na harufu ya maharage yanayochemka na mtu aliyekuwa akichekecha kitu kwenye ungo.

"Hodi," alisema Bupe. "Hodi wenyewe. Habari za hapa?"

Ungo ulinyamaza.

"Gwamaka!" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, kali. "Izime hiyo simu. Imeanza tena."

Halafu sauti ya mwanamume, ndogo, ya mtu asiyeitumia sana. "Simu haipo, mama. Iko kwa jirani inachajiwa."

Hakuna aliyejongea kule ndani. Bupe alitaka kusema ni mimi, na papo hapo akaona neno hilo lisivyo na maana, kwa kuwa hata lile Sikio lilisema ni mimi. Akangoja. Alisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, taratibu, zikisogea.

Pazia likavutwa. Mama Gwamaka alimtazama usoni, akashuka mpaka miguuni, penye viatu vilivyojaa tope, akapanda tena mpaka usoni.

"Kumbe una miguu," alisema. "Mwaka mzima ilikuwa wapi?"

Bupe aliinama. Alivua viatu, akaingia.